Gari la Umeme Likoni: Baridi Huazima, Joto Hula

Mtu wa Likoni, Kisauni au Changamwe kule Mombasa aliyehamia Uingereza, akifikiria kupeleka nyumbani gari la umeme lililotumika, hulipima kwa safari za theluji alizozizoea. Kipimo hicho kinapotosha. Mwaka 2019, chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari kadhaa: kwenye nyuzijoto 7 chini ya sifuri, hita ikiwashwa, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 41, kwenye nyuzijoto 35 na AC, asilimia 17. Ukiishia hapo utasema Mombasa ni pepo ya betri. Lakini baridi huazima tu. Betri ikipata joto, uwezo wake hurudi. Joto hula, wala halirudishi. Mwaka 2012 wenye Nissan Leaf kwenye joto la Arizona walilalamika kuwa betri zao zimechoka mapema mno, na Leaf za awali hazina maji ya kupoza betri, zinategemea hewa tu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza linaenda kilomita ngapi, uliza betri hupozwa vipi, na kama ni Leaf, uhesabu vistari vya uwezo wa betri kwenye dashibodi: likiwa jipya huwa 12. Afadhali lile lililozeekea kwenye baridi, maadamu halijapita miaka minane ambayo Kenya inaruhusu.

Watakaosema stima hukatika hawajakosea, ila tuhesabu. Kutoka Kisauni hadi mjini na kurudi, tuseme kilomita 20, ni uniti tatu au nne za stima, na soketi ya kawaida ya nyumbani huzirudisha kwa saa mbili hivi. Usiku mmoja wa giza haumkwamishi mtu. Kwenye foleni ya feri ya Likoni injini ya petroli huunguruma bure, gari la umeme hulisha AC tu. Lichajiwe usiku, lisiachwe limejaa pomoni chini ya jua la kaskazi.

Hoja nzito ni Nairobi. Ni kilomita 480 hivi, na kupanda kutoka baharini hadi mita 1,700. Gari la kilo 1,600 humeza uniti saba kwa mlima peke yake, na betri ya Leaf nyingi ni ya uniti 40. Kuchaji kwa kasi mara mbili njiani, mchana, kunaichemsha betri hiyo hiyo isiyo na maji. Familia yenye safari ya Nairobi kila mwezi ama ibaki na petroli, ama ipande treni Miritini.