Je, Wajua? Dari ya mikoko na chokaa iliyozuia jua la Kilwa

Je, wajua kwamba upana wa vyumba vingi vya kale Kilwa Kisiwani uliamuliwa na mkoko? Boriti imara za mkoko hazikuzidi sana mita 3, hivyo vyumba vikawa vyembamba na virefu.

Mafundi walipanga boriti kutoka ukuta hadi ukuta, wakalaza juu yake vipande bapa vya mawe ya matumbawe, kisha wakamwaga zege la kokoto na chokaa na kulipondaponda kwa miti mpaka lishikane. Unene wa dari hii ulichelewesha joto la mchana kufika chumbani, na penye ghorofa, dari hiyohiyo ilikuwa sakafu ya juu.

Adui yake ni maji. Mvua ikipenya, ncha za boriti zilizomo ukutani huoza na dari huporomoka. Kwa hiyo ufa huzibwa kwa chokaa, si saruji: chokaa huacha unyevu utoke, saruji huufungia ndani.

Magofu ya Kilwa Kisiwani ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981. Kila jengo lake lastahili fundi anayeijua chokaa.