Maandazi ya Sadaka: Mwanafunzi Anapopika kwa Ajili ya Wahitaji



Katika parokia zetu nyingi Jumapili haiishii kwenye baraka ya mwisho. Watu hubaki uwanjani. Kuna mnada wa kuku na ndizi zilizoletwa kwenye matoleo, kuna meza ya rozari na vitabu vya sala, na mara kwa mara kuna ndoo ya maandazi au keki iliyokatwa vipande, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: "Kwa ajili ya wagonjwa wa parokia." Anayeuza anaweza kuwa mama wa WAWATA, kijana wa VIWAWA, au frateri aliye likizo nyumbani kwao.

Makala hii inahusu huyo wa mwisho, pamoja na kila mwanafunzi anayetaka kutumia mikono yake jikoni kusaidia wahitaji. Jambo lenyewe ni jema na linaonekana jepesi, lakini lina maswali yake. Fedha inayopatikana ni ya nani? Nani atoe ruhusa? Je, maskini anasaidiwa kweli, au tunajifurahisha sisi wenyewe? Tuyatazame moja baada ya jingine.

Mkate na maskini katika mapokeo ya Kanisa

Maandiko Matakatifu yanaunganisha mkate na ukarimu tangu zamani. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, naye alimwokea kwanza nabii Eliya (1 Wafalme 17). Elisha alipoletewa mikate ishirini ya shayiri hakuiweka akiba. Aliagiza watu wapewe wale (2 Wafalme 4). Katika Yohane 6, mikate iliyowalisha maelfu ilikuwa mitano, nayo ilitoka kwa mtoto. Katika habari zote tatu kilichotolewa kilikuwa kidogo, na aliyekitoa alikuwa anakihitaji mwenyewe.

Watakatifu waliendeleza njia hiyo. Mt. Elizabeti wa Hungaria, aliyezaliwa mwaka 1207, alikuwa mke wa mtawala, lakini wakati wa njaa alifungua maghala ya chakula kwa ajili ya maskini. Kanisa linamwadhimisha tarehe 17 Novemba, na waoka mikate humhesabu kuwa msimamizi wao. Ibada ya "Mkate wa Mt. Antoni" inajulikana pia katika parokia zetu. Mapokeo ya Padua yanasimulia juu ya mama ambaye mtoto wake alizama majini. Aliahidi kuwapa maskini ngano yenye uzito sawa na wa mtoto wake iwapo atarudishiwa uhai kwa maombezi ya mtakatifu. Ibada hiyo ilipata nguvu mpya mwaka 1890 huko Toulon, Ufaransa. Louise Bouffier, mwenye duka, alishindwa kufungua mlango wake, akaahidi mkate kwa maskini ikiwa ungefunguka bila kuvunjwa. Leo katika makanisa mengi kuna kisanduku chenye jina la Mt. Antoni, na kinachowekwa humo ni cha maskini.

Kwa wanafunzi kuna mfano wa karibu zaidi. Mwenye Heri Frederic Ozanam alikuwa mwanafunzi wa sheria mjini Paris, mwenye umri wa miaka 20, alipoanza mwaka 1833 pamoja na wenzake wachache kile tunachokiita leo Shirika la Mt. Vinsenti wa Paulo. Hawakuwa na mali. Wakiongozwa na Sista Rosalie Rendu, walianza kwa kuwatembelea maskini nyumbani kwao. Tukumbuke jambo hilo: msaada wao haukuishia kwenye kukusanya, walikwenda wakaketi na watu.

Kwa nini jikoni, na kwa nini mwanafunzi?

Waraka *Pastores Dabo Vobis* wa Papa Yohane Paulo II, wa mwaka 1992, unataja pande nne za malezi ya padre: utu, roho, akili na uchungaji. Kazi ya kupika kwa ajili ya wahitaji inagusa zaidi ya upande mmoja. Anayekanda unga saa kumi alfajiri anajifunza nidhamu ya mwili. Anayefundishwa na mama mpishi jinsi ya kupima hamira anajifunza kunyenyekea mbele ya mtu ambaye hana shahada ya falsafa lakini anajua kazi yake. Anayepeleka maandazi kwa mzee aliyelala kitandani miaka mitatu anajifunza uchungaji ambao hauko kwenye vitabu.

Kazi za mikono tumezizoea seminarini: bustani, zizi la ng'ombe, usafi. Jiko mara nyingi huachwa kwa wengine, kana kwamba ni mahali pa kula tu. Padre wa kesho atakayekaa peke yake kwenye parokia ya mbali atafaidika akijua kupika, na atawaheshimu zaidi wanaompikia.

Hesabu kabla ya unga

Wengi hukosea hapa, si kwa nia mbaya bali kwa kutopiga hesabu. Tuchukue mfano wa frateri anayetaka kupika maandazi ya kilo 5 za unga. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za soko lake.

Unga kilo 5, shilingi 10,000. Sukari, 1,800. Nazi 5, shilingi 5,000. Mafuta ya kupikia lita 2, shilingi 12,000. Hamira na iliki, 2,500. Mkaa, 3,000. Karatasi za kufungia, 1,500. Jumla ni shilingi 35,800.

Kilo moja ya unga hutoa maandazi kama 30 ya ukubwa wa kawaida, kwa hiyo atapata 150. Akiuza kila moja kwa shilingi 300 na yote yakaisha, mkononi atakuwa na 45,000. Ukiondoa gharama, kilichobaki ni 9,200. Yakibaki maandazi 20 bila kununuliwa, salio linashuka hadi 3,200. Mvua ikinyesha Jumapili hiyo, anaweza asipate hata gharama zake.

Kwa hiyo anayesimama mbele ya waamini na kutangaza kwamba "tumepata elfu arobaini na tano kwa ajili ya wagonjwa" hajasema kweli, hata kama noti hizo anazo mkononi. Yalikuwa mauzo. Kilichopatikana kwa wagonjwa ni salio. Tofauti hiyo isemwe wazi, kwa sababu uaminifu katika elfu tisa ndio utakaomfanya mtu aaminike kesho katika mamilioni ya ujenzi wa kanisa.

Salio linaweza kuongezeka bila kupandisha bei. Jumuiya Ndogo Ndogo moja ikijitolea unga na nazi, gharama inapungua kwa shilingi 15,000, na salio kamili linakuwa 24,200. Hapo kazi imekuwa ya watu wengi: mmoja ametoa nazi, mwingine mkaa, mwingine amekanda, mwingine amenunua.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini nisitoe tu shilingi elfu tisa mfukoni nikalala? Kama unazo, toa. Wanafunzi wengi hawana. Wana mikono na Jumamosi mchana, na hivyo ndivyo wanavyovigeuza kuwa sadaka.

Maandazi au keki?

Maandazi yana faida ya kutohitaji oveni. Yana hasara pia: yanataka kuliwa siku hiyo hiyo, hasa yakikandwa kwa tui la nazi, ambalo huchacha upesi kwenye joto. Unga ukandwe mapema uumuke kwa saa moja au mbili, na mafuta yawe ya moto wa kutosha kabla ya kuanza kuchoma, la sivyo maandazi hunywa mafuta na gharama hupanda.

Keki hukaa siku mbili tatu na hukatwa vipande. Asiye na oveni anaweza kuoka kwa sufuria juu ya jiko la mkaa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Ni njia ambayo akina mama wengi wanaijua vizuri. Keki ina nafasi nyingine kwenye harambee: kipande kimoja kinaweza kunadiwa mara nyingi zaidi ya bei yake, kwa kuwa mnunuzi anajua kwamba halipii unga na mayai. Hiyo ni sawa, mradi asiyeweza kupanda bei asiaibishwe.

Iwe maandazi au keki, usafi ni sehemu ya upendo. Mikono ioshwe kwa sabuni, mafuta yaliyokwisha kuwa meusi yasirudiwe, na penye karanga watu waambiwe, kwa kuwa wapo zinaowadhuru. Uuzaji ufanyike baada ya Misa. Kanuni ya 919 inatutaka kufunga chakula kwa saa moja kabla ya Komunyo, na meza ya maandazi mlangoni kabla ya Misa ni kishawishi kwa watoto na kwa wakubwa pia.

Ruhusa na fedha za watu

Mwanafunzi wa seminari hajitumi mwenyewe. Akiwa seminarini, Gombera au mlezi wake ajue. Akiwa parokiani, Baba Paroko ajue. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ina kanuni tatu za kukumbuka hapa. Kanuni ya 1265 inakataza watu binafsi kuchangisha kwa ajili ya nia au taasisi za Kanisa bila ruhusa ya maandishi ya wakubwa wanaohusika. Kuuza maandazi si sawasawa na kuomba michango, lakini ukitumia jina la parokia au la seminari, busara inataka uombe ruhusa kwanza. Kanuni ya 286 inawakataza makleri kufanya biashara bila idhini. Frateri si kleri hadi apate ushemasi, lakini ni vema azoee mapema kutofautisha sadaka na biashara.

Kanuni ya 1267 ndiyo inayogusa zaidi: kilichotolewa na waamini kwa nia maalumu kitumike kwa nia hiyo tu. Karatasi ikisema "wagonjwa", fedha haiwezi kwenda kwenye jezi za timu ya seminari, hata kama jezi zimechanika kweli. Njia salama ni hii: watu wawili wahesabu fedha, kiasi kiandikwe siku hiyo hiyo, kikabidhiwe kwa mtunza hazina au kamati ya Caritas ya parokia, na Jumapili inayofuata waamini waelezwe mauzo, gharama, salio na mahali lilipokwenda. Tangazo hilo halichukui hata dakika moja.

Mama wa getini

Kuna jambo ambalo tunalisahau kwa urahisi. Nje ya geti la kanisa mara nyingi amekaa mama anayeuza maandazi yake kila Jumapili. Pengine ni mjane, na kwa ndoo hiyo analipa karo na kodi ya chumba. Frateri anapoweka meza ndani ya uwanja, huku paroko akiitangaza baada ya Komunyo, mama huyu anarudi nyumbani na ndoo iliyojaa. Tumemsaidia maskini mmoja kwa kumnyang'anya mwingine, tena mbele ya kanisa.

Dawa ipo. Kwanza, mwulize. Msalimie, mweleze nia, sikiliza atakachosema. Pili, uza kitu ambacho yeye hauzi: kama yeye ana maandazi, wewe oka keki. Tatu, na hili ni bora zaidi, nunua maandazi kwake kwa bei yake, na wewe uyapeleke kwa wagonjwa. Huenda salio lisiwepo kabisa, lakini mama ameuza, na mgonjwa amekula na kutembelewa.

Kupeleka kwa heshima

Salio likipatikana, lifike. Uliza kwanza kinachohitajika. Viongozi wa Jumuiya wanajua nani hana dawa na nani hana unga. Usiende na kamera. Bwana wetu katika Mathayo 6 anafundisha sadaka ifanyike kwa siri, na picha ya bibi mgonjwa akipokea mfuko wa sukari ikizunguka kwenye simu za parokia nzima inamvua heshima aliyobakiwa nayo. Kama ni lazima kuonyesha kazi, piga picha ya unga.

Nenda pia na muda. Keti, pokea kikombe cha chai ukipewa, hata kama unajua sukari ni ya taabu, kwa sababu mwenyeji naye ana haki ya kutoa. Salini pamoja kabla ya kuondoka.

Tuanzie wapi?

Siku ya Maskini Duniani, iliyoanzishwa na Baba Mtakatifu Fransisko na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017, huangukia Jumapili ya 33 ya Mwaka, katikati ya Novemba. Ni tarehe nzuri ya kulenga. Seminari au Jumuiya inayotaka kujaribu ianze na kilo mbili za unga, si ishirini. Omba ruhusa, piga hesabu, zungumza na mama wa getini, chagua nia moja na uitaje wazi. Pika vizuri, maana maskini na mnunuzi wote wanastahili andazi lililoumuka. Kisha toa hesabu.

Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba chenyewe si lazima kiwe kikubwa, mradi kimfikie aliyeahidiwa.