Mapambo ya Madarasa Wakati wa Vuli

Walimu wa skuli za maandalizi wanakumbushwa kuwa msimu wa Uingereza ambao wafasiri huuita vuli si vuli yetu. Huko, kuanzia Septemba hadi Novemba, mchana hufupika, majani ya miti mingi hupoteza ukijani wake na kupukutika. Kwetu, vuli ni mvua za Oktoba hadi Disemba. Mtoto akibandikiwa picha za majani asiyoyajua, hujifunza jina bila ya kitu chenyewe.

Inafaa basi aokote majani ya mkungu, ambayo huwa mekundu kabla ya kuanguka, ayapange kwa rangi na ukubwa, na kando yake achore mawingu na mvua. Kazi hizo zitundikwe usawa wa macho ya watoto. Mbegu ndogo ziwekwe mbali nao, zisije zikawapalia.