CHUMVI NA WATOTO WA BONDE LA JIMI



Mwezi huu tunawaomba mtembee nasi mpaka nchi ya mbali sana, Papua New Guinea, iliyoko kaskazini ya Australia. Ndiyo nchi ya katekista Petro ToRot, baba wa familia aliyeuawa mwaka 1945 kwa kutetea ndoa ya Kikristo, na ambaye alitangazwa mtakatifu mwezi Oktoba 2025. Hatuendi huko kutalii. Tunakwenda kwa sababu yaliyowapata watu wa milima ya nchi ile yanahusu moja kwa moja chungu kilichoko jikoni kwako leo.

MAISHA YA MILIMANI

Katikati ya kisiwa kile kuna safu za milima mirefu na mabonde yenye kina. Mojawapo ni Bonde la Jimi, ambalo siku hizi liko katika mkoa wa Jiwaka. Vijiji vyake vimeshikilia miteremko ya milima. Mvua ni nyingi, ukungu hushuka mapema jioni, na usiku ni baridi ingawa nchi yenyewe iko karibu na ikweta. Msomaji wa Makete, Uluguru au Usambara hatashangaa kusikia haya.

Chakula kikuu ni viazi vitamu, pamoja na magimbi, ndizi na mboga za majani. Nguruwe ndiyo mali ya mtu: ndiye mahari, ndiye faini, ndiye karamu. Akina mama hubeba mazao katika mifuko ya kamba waliyoisuka wenyewe, wakiitundika kwenye paji la uso, na mara nyingine mtoto mchanga hulala katika mfuko kama huo huo. Nyumba za asili ni fupi, zimeezekwa kwa nyasi, na moto huwaka ndani usiku kucha. Kutoka kijiji kimoja kwenda kingine ni kupanda na kushuka kwa miguu, na mgonjwa mahututi hubebwa kwa machela.

Hadi miaka ya 1930 watu wa nje hawakujua kwamba nyanda zile za juu zina watu wengi kiasi hicho. Mwaka 1934 mmisionari wa Shirika la Neno la Mungu, Padre William Ross, alifika Mount Hagen na kuanzisha misioni. Lakini Bonde la Jimi lilibaki peke yake kwa muda mrefu zaidi. Serikali ya Australia, iliyokuwa ikitawala wakati ule, ilianza kuwa na kituo bondeni humo katika miaka ya 1950 tu.

CHUMVI YA ZAMANI NA CHUMVI YA DUKANI

Zamani watu wa nyanda zile walipata chumvi kwa jasho kubwa. Palikuwa na chemchemi chache za maji ya chumvi. Watu waliloweka majani na mashina katika maji hayo, wakayakausha, wakayachoma, kisha wakakusanya majivu yenye chumvi. Ilifungwa katika majani na kusafirishwa kwa miguu toka kabila hadi kabila, ikibadilishwa kwa mashoka ya mawe, manyoya ya ndege na nguruwe. Ilikuwa chache, nayo ilikuwa ghali.

Serikali na maduka yalipofika, ilikuja pia chumvi nyeupe, laini, ya bei nafuu. Nani angeikataa? Watu wakaacha kazi ngumu ya kuchoma majani. Ilionekana ni maendeleo matupu.

Baada ya miaka michache jambo la kusikitisha likaonekana. Watu wengi, hasa akina mama, walivimba shingo. Yaani walipata rovu, ugonjwa ambao wengine huuita goita. Baya zaidi, wakazaliwa watoto wasiosikia wala kusema, wenye makengeza, wenye miguu iliyokakamaa, na ambao akili zao hazikukua. Wengine hawakuweza kutembea kabisa.

Madaktari waliochunguza, akiwemo Dk. Peter Pharoah, walieleza hivi: chumvi ile ya zamani ya chemchemi ilikuwa na madini joto kwa wingi, na chumvi mpya ya dukani haikuwa nayo. Udongo wa milima ile ulikuwa maskini kwa madini hayo, kwa hiyo watu walipoiacha chumvi ya zamani hawakubaki na chanzo kingine. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mwenye duka aliuza chumvi safi na mama alinunua chumvi safi, lakini kitu kimoja kisichoonekana kwa macho kilikuwa kimekosekana.

SINDANO YA MWAKA 1966

Wakati ule wataalamu walijua kwamba madini joto huzuia rovu. Ila hawakuwa na hakika kama upungufu wake ndio unaoharibu akili ya mtoto tumboni. Mwaka 1966 Dk. Pharoah na wenzake walianza uchunguzi katika Bonde la Jimi. Familia moja ilipewa sindano ya mafuta yenye madini joto, familia iliyofuata ikapewa sindano ya maji ya chumvi tu, na kuendelea hivyo kwa zamu. Kisha walisubiri watoto wazaliwe, wakawafuata mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1971 walitangaza matokeo. Kati ya watoto 534 waliozaliwa na akina mama wasiopata madini joto, 26 walikuwa na ulemavu ule mzito. Kati ya watoto 498 wa akina mama waliopata, wenye ulemavu walikuwa 7. Na hapa, mpenzi msomaji, tunaomba usome polepole: katika hao 7, mama wa 6 walikuwa tayari ni wajawazito siku walipochomwa sindano.

Maana yake ni nini? Dawa haikushindwa. Ilichelewa. Ubongo wa mtoto huanza kujengwa wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi kabla mama mwenyewe hajajua kwamba ana mimba. Katika miezi hiyo ya kwanza mtoto hutegemea homoni inayotoka katika tezi ya shingo ya mama yake, na tezi hiyo haiwezi kutengeneza homoni bila madini joto. Kilichoharibika wakati huo hakirudishwi na sindano, wala na chakula kizuri baada ya kuzaliwa.

Mwaka 1995 Papua New Guinea ilipiga marufuku uuzaji wa chumvi isiyo na madini joto.

KWA NINI MILIMANI?

Madini joto mengi ya dunia yako baharini, ndiyo maana samaki wa baharini na mwani wanayo kwa wingi. Katika milima, mvua za maelfu ya miaka zimeosha udongo na kuyapeleka bondeni na hatimaye baharini. Udongo ukikosa, mahindi hukosa, maharage hukosa, viazi hukosa, na ng'ombe anayekula majani ya hapo hukosa pia. Mtu anaweza kushiba kila siku na bado akakosa madini joto.

Ulaya nako haikuwa tofauti. Vijiji vya milima ya Uswisi vilijulikana kwa karne nyingi kwa wingi wa watu wenye rovu na watoto waliodumaa akili, mpaka nchi hiyo ilipoanza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922.

Na kwetu je? Wazee wetu wa Nyanda za Juu Kusini wanakumbuka vizuri. Rovu lilikuwa jambo la kawaida hata watu wakadhani ni umbile la ukoo. Katika miaka ya 1980 na 1990 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha ikaamuru chumvi ya kula itiwe madini hayo. Leo vijana wengi hawajaona rovu kubwa. Hapo ndipo hatari ilipo: ugonjwa usipoonekana watu huusahau, na wakiusahau hurudia chumvi yoyote ile iliyo rahisi, hasa ya mawe inayouzwa kwa kopo kutoka kwenye gunia wazi.

TUSIDANGANYIKE

Kuna wanaosema rovu ni kurogwa. Wengine husema linatokana na kunywa maji ya chemchemi fulani, au na kubeba mizigo kichwani. La hasha! Tezi ya shingo huvimba kwa sababu inahangaika kutafuta madini joto machache yaliyomo katika damu, kama mkulima anayepanua shamba kwa kuwa mavuno ni haba.

Ni kweli kwamba baadhi ya vyakula huongeza tatizo. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri una sumu ambayo, ikiingia mwilini, huizuia tezi kutumia madini joto. Kwa hiyo muhogo huo ulowekwe siku za kutosha na kukaushwa vizuri. Lakini chanzo kikubwa ni upungufu wa madini joto yenyewe.

Upungufu huo hauishii shingoni. Huleta mimba kuharibika na watoto kuzaliwa wafu. Huwafanya watoto wa shule wawe wazito kuelewa, nao wazazi na walimu huwaita wavivu. Wengine huchapwa kwa kosa lisilo lao.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Mwili unahitaji kiasi kidogo mno: kwa mtu mzima mikrogramu 150 kwa siku, na kwa mama mjamzito au anayenyonyesha 250. Kwa maisha yake yote mtu hahitaji zaidi ya kijiko kidogo cha chai. Ila hawezi kukila kwa mara moja na kumaliza. Anahitaji kidogo kidogo, kila siku. Basi tuzingatie haya:

1. Tununue chumvi iliyofungwa katika pakiti na kuandikwa kwamba ina madini joto. Tuwaombe wenye maduka kijijini wailete. Wakiona hatununui nyingine, wataileta.

2. Tuihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na jua na mbali na mafiga. Chumvi inayoachwa wazi juu ya dari la moshi hupoteza nguvu yake.

3. Tusiioshe chumvi. Wapo wanaoosha chumvi ya mawe ili kuondoa mchanga, nao humwaga madini joto pamoja na maji.

4. Tuitie chakulani mwishoni, karibu na kuepua, kwani moto wa muda mrefu hupunguza madini hayo.

5. Tusiongeze chumvi nyingi tukidhani ndiyo dawa. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, kikiwa ni pamoja na chumvi yote iliyomo katika vyakula. Aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu na apunguze, lakini hiyo kidogo anayotumia iwe yenye madini joto.

6. Mtu yeyote asinywe dawa ya vidonda ya ayodini. Ni hatari.

7. Aliye na uvimbe wa shingo aende zahanati au hospitali. Rovu la miaka mingi huenda lisipungue kwa chumvi, na si kila uvimbe wa shingo ni rovu.

Tunawasihi kwa namna ya pekee wasichana na vijana wanaojiandaa kwa ndoa. Mmesikia habari ya wale mama sita wa Jimi. Msingoje kliniki ya wajawazito ndipo mfikirie chumvi. Tunapendekeza jambo hili lisemwe katika mafundisho ya ndoa, na akina mama wa WAWATA walizungumze katika jumuiya ndogo ndogo. Maofisa wa afya wana dawa ya kupimia: tone moja juu ya chumvi, na ikiwa ina madini joto hugeuka rangi ya zambarau. Jumuiya inaweza kumwalika mmoja wao, kila familia ikaja na chumvi kidogo ya nyumbani, ikapimwa mbele ya wote.

Neno la mwisho ni juu ya wale ambao tayari wamezaliwa na ulemavu huu. Wapo vijijini mwetu, mara nyingi wamefichwa chumba cha nyuma au wameachwa wachunge mbuzi bila jina la heshima. Mama zao wamesimangwa kwamba wana laana. Hawana laana. Walikosa kitu kidogo ambacho sisi wengine tulibahatika kukipata. Tuwatoe nje, tuwapeleke kwenye shule za viziwi na vituo vya kulea watoto wenye ulemavu mahali vilipo, tuwaketishe pamoja nasi kanisani. Ni watoto wa Mungu kama sisi.

Bwana wetu aliwafananisha wanafunzi wake na chumvi, na akaonya juu ya chumvi iliyopoteza ladha. Watu wa Jimi walijifunza kwamba iko chumvi yenye ladha nzuri kabisa na bado imepungukiwa. Basi leo jioni, kabla ya kuinjika chungu, hebu mama na baba watazame pakiti iliyoko jikoni na kusoma kilichoandikwa.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.