Dawa za Ugonjwa wa Huzuni na Namna ya Kuzitumia Vema



Mtu akishikwa na malaria, jirani zake hawamwulizi kwa nini hakujikaza. Wanamchukua hospitalini. Lakini mtu akishikwa na ugonjwa wa huzuni, wengi humlaumu. Wengine husema ni mvivu. Wengine husema amelogwa. Wengine husema imani yake imepungua. Naye mgonjwa huanza kuyasadiki maneno hayo, akajificha nyumbani mwake.

Ugonjwa huu una dawa. Lakini dawa zake si kama zile za malaria, ambazo huponya kwa siku chache. Watu wengi huzitupa kabla hazijawasaidia, au huziacha mapema mno, na ugonjwa hurudi. Kwa hiyo yafaa mgonjwa na watu wa nyumbani mwake wafahamu vema namna ya kuzitumia.

1. HUZUNI YA KAWAIDA NA UGONJWA WA HUZUNI

Mtu akifiwa, atalia. Akifukuzwa shambani mwake kwa sababu ya vita, atakosa usingizi. Huu si ugonjwa. Mtu wa namna hii ahitaji watu wa kukaa naye, kumsikiliza na kumpikia chakula. Hahitaji vidonge.

Ugonjwa ni jambo lingine. Huzuni humkaa mtu karibu siku nzima, kila siku, kwa muda wa majuma mawili au zaidi. Hafurahii tena mambo aliyoyapenda: mtoto wake, wimbo, mazungumzo jioni. Usingizi humtoka usiku wa manane, au hulala mno. Chakula hakina ladha. Huchoka bila kufanya kazi. Hujiona kuwa hana thamani, na kuwa ni mzigo kwa wengine. Pengine hutamani kufa.

Wengi hawaji hospitalini wakisema, “Nina huzuni.” Husema, “Kichwa kinauma, mwili unawaka moto, moyo unapiga mbio.” Wamepimwa damu mara nyingi wala malaria haikuonekana. Wamenunua dawa za minyoo, wameomba sindano na serumu, wala hawakupona. Kwa hiyo mwuguzi akikuuliza juu ya usingizi wako na mawazo yako, usikasirike. Anatafuta ugonjwa mahali ulipo.

Kama ugonjwa ni mwepesi, muganga aweza kuanza bila dawa: kuzungumza na mgonjwa mara kwa mara, kumsaidia kurudi katika kazi ndogo ndogo, na kutengeneza saa zake za kulala. Kama ugonjwa ni mzito, hata mtu hawezi kula, kulima au kutunza watoto, mazungumzo hayo huendelea, na dawa huongezwa.

2. DAWA HIZI ZILIPATIKANA NAMNA GANI

Dawa ya kwanza ilipatikana mahali ambapo haikutafutwa. Mwaka wa 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, waganga waliwapa wagonjwa wa kifua kikuu dawa mpya iitwayo iproniazidi. Wakaona jambo la ajabu. Watu waliokuwa wamelala kitandani bila tumaini walianza kula, kucheka na kuzungumza. Dawa hii haitumiwi tena katika nchi nyingi, kwa sababu iliharibu maini ya watu wengine. Lakini waganga walijifunza neno moja kubwa: dawa ya mwili yaweza kuinua moyo ulioanguka.

Mwaka wa 1957 muganga Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza dawa nyingine, imipramini. Yeye aliijaribu kwanza kwa wagonjwa wa akili wa namna nyingine, wala haikuwafaa. Kisha aliona inawasaidia wenye huzuni nzito. Amitriptilini ilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1961. Fluoksetini ilikubaliwa huko mwaka wa 1987. Hizi mbili za mwisho zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

3. DAWA INAFANYA KAZI GANI MWILINI

Ndani ya ubongo habari hupita kutoka sehemu moja mpaka nyingine kwa wajumbe wadogo sana. Wawili kati yao huitwa serotonini na noradrenalini. Wajumbe hawa wakiisha kutoa habari, ubongo huwarudisha mahali walipotoka. Dawa huzuia wasirudishwe upesi, ili wakae zaidi katika kazi yao.

Jambo hili huanza siku ile ile mtu amezapo kidonge. Lakini ubongo wahitaji majuma mengi kujitengeneza upya kwa sababu ya badiliko hilo. Ndiyo sababu mgonjwa hapati nafuu siku ile ile. Fikiri juu ya maharagwe. Ukipanda leo, kesho hutavuna, wala hutafukua mbegu kutazama kama zimeota.

Dawa hizi si za kulevya. Hazimfanyi mtu asiyekuwa mgonjwa kuwa na furaha, wala hazibadili tabia yake. Humrudishia mgonjwa nguvu yake ya kulala, kula, kufikiri na kufanya kazi.

4. MAJUMA YA KWANZA NDIYO MAGUMU

Angalieni sana jambo hili, kwa maana hapa ndipo wengi huanguka. Taabu za dawa huja kwanza, na faida yake huja baadaye.

Amitriptilini hutolewa usiku, kwa sababu huleta usingizi. Muganga huanza kwa kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 25, na kukiongeza polepole. Mgonjwa aweza kusikia kinywa kikavu, choo kigumu, macho kutoona vema karibu, na kizunguzungu akisimama ghafula. Anywe maji, ale matunda na mboga, na aamke kitandani polepole. Wenye ugonjwa wa moyo, wazee wanaoshindwa kukojoa vema, na wenye ugonjwa wa macho uitwao glakoma wamwambie muganga kabla ya kuipokea.

Fluoksetini hutolewa asubuhi baada ya chakula, mara nyingi miligramu 20. Hii yaweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, kukosa usingizi au wasiwasi siku za kwanza. Yaweza pia kupunguza tamaa ya mke na mume. Usione haya kumwambia muganga habari hii. Wengi huacha dawa kwa sababu hiyo bila kusema neno.

Taabu nyingi hupungua baada ya juma moja au mawili. Usingizi na chakula huanza kurudi kwanza. Huzuni yenyewe hupungua baadaye, kwa kawaida kati ya juma la nne na la sita. Kama majuma sita yamepita na mgonjwa ametumia dawa vizuri lakini hakuna badiliko, asikate tamaa. Muganga aweza kuongeza kipimo au kubadili dawa.

Jamaa zake wamwangalie sana siku hizi za kwanza, zaidi akiwa kijana, kwa maana wengine husumbuliwa zaidi na mawazo ya kufa kabla dawa haijawasaidia. Mwulizeni kwa upole. Kumwuliza mtu kama anafikiri kujiua hakumtii wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Akikubali, msimwache peke yake, mkamlete hospitalini siku ile ile.

5. UKISIKIA UMEPONA, USIACHE

Tuseme mama mmoja ametumia dawa miezi miwili. Sasa analala, anaenda sokoni, anaimba tena pamoja na wenzake. Anasema, “Nimepona. Fedha ya dawa nitanunua chumvi na sabuni.” Twafahamu neno lake, kwa maana fedha ni kidogo. Lakini ugonjwa bado uko karibu na mlango. Wanaoacha mapema huanguka tena mara nyingi, na safari ya pili ya hospitali hugharimu zaidi kuliko vidonge.

Mgonjwa aendelee na dawa miezi 9 mpaka 12 baada ya kupata nafuu. Kisha muganga ataipunguza kidogo kidogo, kwa muda wa majuma manne au zaidi. Ukiiacha ghafula, waweza kupata kizunguzungu, wasiwasi, kichefuchefu na kukosa usingizi. Kabla ya kupokea chupa ya kwanza, mwulize mwuguzi dawa hii itapatikana wapi mwezi ujao, na bei yake. Usingoje mpaka kidonge cha mwisho.

6. UGONJWA WA KUPANDA NA KUSHUKA

Kuna watu ambao huzuni yao huja na kuondoka, na wakati mwingine hupanda juu kupita kiasi. Mtu hulala saa mbili tu wala hachoki. Husema mbio bila kupumzika. Hugawa mali yake, huanza kazi kumi kwa siku moja, hukasirika akizuiwa. Pengine husema yeye ni mfalme au nabii mkuu. Watu wa kanisa waweza kudhani amepewa karama, au ameingiwa na pepo. Watazame kwanza usingizi wake. Asiyelala siku nyingi, naye haonekani kuchoka, apelekwe kwa muganga.

Mtu huyu asipewe dawa ya huzuni peke yake, kwa maana yaweza kumsukuma juu zaidi. Kama wewe au ndugu yako amewahi kuwa hivi hata mara moja, mwambieni muganga kabla hajatoa dawa.

Dawa za kumtuliza katikati ni nyingine. Ya kwanza ni lithiamu, ambayo ni chumvi ya madini. Mwaka wa 1949 muganga John Cade wa Australia alieleza namna ilivyowasaidia wagonjwa wake. Ni dawa njema, lakini kipimo cha kuponya na kipimo cha kudhuru viko karibu. Kwa hiyo hutolewa tu mahali ambapo damu yaweza kupimwa mara kwa mara. Anayeitumia asiache chumvi ghafula, anywe maji ya kutosha, wala asinunue ibuprofeni au diklofenaki sokoni. Akipata kuhara, kutapika, kutetemeka sana au kuyumba kama mlevi, aje upesi.

Dawa nyingine mbili hutumiwa pia kwa kifafa. Valproati yaweza kumharibu mtoto tumboni, mgongo wake na akili yake. Kwa hiyo haifai kwa wasichana na wanawake wanaoweza kuchukua mimba, ila muganga akiona hakuna njia nyingine, na mimba izuiliwe. Mwanamke anayeitumia asiiache ghafula. Aje upesi kuzungumza na muganga. Karbamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya kuzuia mimba. Nayo ikileta upele mwilini au vidonda kinywani, mgonjwa aiache na kuja hospitalini siku ile ile.

7. MAMBO YA HATARI

Dawa hizi zikae kwa mtu mwaminifu wa nyumbani, mahali pa kufungwa. Vidonge vingi vya amitriptilini vikimezwa pamoja husimamisha moyo, na vichache tu vyaweza kumwua mtoto. Mtu akimeza vingi, mpelekeni hospitalini mara moja, hata akionekana mzima.

Usimpe jirani kinini chako, hata kama huzuni yake yafanana na yako.

Usinywe pombe. Usitumie tramadoli inayouzwa sokoni. Ikichanganywa na dawa hizi yaweza kuleta degedege.

Ukipata malaria, mwonyeshe anayekutibu dawa zako zote, kwa maana dawa nyingine za malaria zikiungana na hizi huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwambie pia juu ya dawa za miti.

Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asiache dawa peke yake. Aje, na muganga atamchagulia iliyo salama zaidi.

Diazepamu, ambayo wengi waijua kwa jina la Valium, si dawa ya ugonjwa wa huzuni. Huleta usingizi, lakini huzuni hubaki, na mwili huizoea upesi hata mtu hawezi kuiacha.

8. JE, KUMEZA DAWA NI KUKOSA IMANI?

Watu hutuuliza swali hili mara nyingi. Twajibu kwa swali: Je, aliyevaa miwani amekosa imani? Ubongo ni kiungo cha mwili kama jicho na tumbo, nao waweza kuugua. Nabii Eliya alipochoka chini ya mti na kuomba afe, hakukemewa kwanza. Alipewa usingizi, mkate na maji, ndipo akaendelea na safari.

Maombi na dawa havishindani. Ombeni pamoja na mgonjwa. Mtembeleeni. Msaidieni kuchota maji na kulima. Lakini msimwambie atupe vidonge vyake ili aonyeshe imani, wala msimfungie chakula cha siku nyingi, kwa maana mwili wake umekwisha kudhoofika. Mchungaji au mzee atakayemkumbusha mgonjwa kumeza kidonge cha jioni amefanya kazi njema.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Ugonjwa wa huzuni si uvivu, si ulozi, wala si dhambi.
2. Taabu za dawa huja kwanza. Faida huja baada ya majuma manne mpaka sita.
3. Ukipata nafuu, endelea miezi 9 mpaka 12. Usiache ghafula.
4. Kama umewahi kupanda juu kupita kiasi, mwambie muganga.
5. Dawa zikae kwa mtu mwaminifu, mbali na watoto.
6. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake.

Ukiisha kusoma, msomee na jirani yako asiyejua kusoma. Huenda nyumbani mwake kuna mtu ambaye hajatoka nje tangu majuma mengi.