Mche wa Kahawa Uhamishwe Mara Ngapi?

Mkulima, ekari zako chache katika skimu hazina nafasi ya mti usiozaa. Mti wa kahawa hukaa shambani miaka mingi, na kosa lililofanywa kitaluni haliondolewi na mbolea wala jembe. Kosa kubwa ni mzizi mkuu kupindika. Mche wa namna hiyo huweza kupendeza mwaka wa kwanza, nawe utaupalilia na kuutilia mbolea. Lakini ukame ukija majani hugeuka manjano, kwa sababu mzizi haukushuka chini kutafuta maji. Basi kila utakapo kuhamisha mche, jiulize kwanza kama pana haja.

Uhamisho wa kwanza ni wa lazima. Mbegu hupandwa katika kitanda cha mchanga safi chini ya kivuli, upande wake bapa ukitazama chini, kina cha nusu inchi. Huota baada ya majuma 6 hadi 8, na penye baridi huchelewa zaidi. Mchanga hauna chakula. Kwa hiyo hamishia miche katika mifuko mara majani mawili ya kwanza yanapokunjuka, kabla mizizi haijawa mirefu. Toboa udongo kwa kijiti, shimo liwe refu kuliko mzizi, ili ncha isikunjike. Mche uliokwisha kupinda mzizi utupe, hata ukiwa na majani mazuri.

Uhamisho wa pili si wa lazima. Ikiwa mfuko una urefu wa inchi 9, na udongo wake umechanganywa na samadi iliyooza, mche utakaa humo mpaka siku ya kwenda shambani. Mikebe mifupi ndiyo iletayo taabu.

Mvua zikichelewa, pasua mfuko mmoja utazame:

1. Mizizi ikiwa imenyooka, ngoja.

2. Ikiwa imeanza kuzunguka chini na mvua zi karibu, usihamishe. Tayarisha mashimo ya futi 2 kila upande, na siku ya kupanda kata ncha zilizojizungusha kwa kisu kikali.

3. Ikiwa inazunguka na mvua zi mbali, kata ncha hizo, kisha hamishia mche katika mfuko mrefu zaidi pamoja na udongo wake. Uweke kivulini mpaka ushike.

4. Mzizi mkuu ukiwa umepinda kama ndoana, tupa mche huo.

Lililo bora ni kuhesabu miezi mapema. Toka mbegu hadi shamba ni karibu mwaka mmoja. Atakaye kupanda katika mvua za Machi na Aprili, na apande mbegu wakati wa mvua hizo mwaka uliotangulia. Ukiwa na shaka, mwite Bwana Shamba aitazame miche yako kabla hujachimba mashimo.