Mutura: Soseji Isiyongoja Kesho

Je, wajua kwamba soseji nyingi za kale zilibuniwa ili nyama iweze kungoja? Ureno, nguruwe wa familia huchinjwa miezi ya baridi. Nyama yake hukatwakatwa, ikatiwa chumvi, kitunguu saumu na unga wa pilipili nyekundu, ikashindiliwa ndani ya utumbo na kuning'inizwa juu ya moshi wa kuni kwa siku nyingi. Hiyo ndiyo chouriço. Chumvi huvuta maji, moshi hukausha, na bakteria hukosa unyevu wa kuishi. Miezi baadaye bado yaliwa.

Mutura haikuumbwa kwa kazi hiyo. Inachomwa jioni kando ya barabara za Nakuru, Free Area, Kaptembwo, Bondeni, na mnyama aliyeitoa pengine alichinjwa asubuhi ileile. Mbuzi wa Baringo na ng'ombe wa Njoro hufika sokoni mwaka mzima. Hakuna majira ya baridi ya kuvumilia. Kwa hiyo haikaushwi, haiwekwi moshini wiki nzima, wala haitiwi dawa ya kuhifadhi. Ni soseji ya leo, na hilo ndilo jambo la kwanza anayetaka kuielewa au kuipika nyumbani anapaswa kulishika.

Asili yake ni kwa Wakikuyu. Kijadi wanaume ndio waliochinja na kuitengeneza, hasa siku za ruracio, yaani sherehe za mahari, na sherehe nyingine za ukoo. Katika Bonde la Ufa la kati ilisambaa pamoja na familia zilizokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi huko Njoro, Molo na Subukia mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi ukisimama mbele ya jiko la mutura Nakuru utasikia Kikalenjin, Kiluo na Kikisii katika foleni moja, kila mtu akisema nikatie ya hamsini.

Ustadi huanzia kwenye damu. Damu ikimtoka mnyama huganda kwa dakika chache: protini iliyoyeyuka ndani yake, fibrinojeni, hugeuka kuwa nyuzi za fibrini zinazonasa chembe zote. Ndiyo maana anayeikinga huikoroga kwa kijiti tangu tone la kwanza. Nyuzi hujisokota kwenye kijiti, zikatolewa, na inayobaki ni damu laini isiyoganda tena. Wafugaji wa Kimaasai waliotoa damu ya ng'ombe shingoni na kuinywa na maziwa walijua kijiti hicho hicho. Wareno nao, wakipika wali wao wa kuku wa cabidela, huimiminia damu siki, kwa kuwa asidi pia huzuia isigande. Watu ambao hawakukutana walitatua tatizo moja kwa njia mbili, na zote mbili ni sahihi kikemia.

Karibu asilimia 80 ya damu ni maji, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini. Ikichanganywa na nyama iliyokatwa ndogo ndogo, mafuta ya tumbo, kitunguu, dhania, tangawizi na chumvi, ndiyo gundi. Ikifikia kati ya nyuzijoto 65 na 75, protini zake hukakamaa kama ute wa yai na kushika kila kipande mahali pake. Mutura inayovunjikavunjika ubaoni aghalabu haikuwa na damu ya kutosha, au haikuiva katikati. Waislamu, na Wakristo wengi pia, hawali damu, na wapo wapishi wanaoitengeneza kwa nyama na viungo peke yake. Hiyo ni halali ya namna yake, ila ikatwe vipande vinene.

Baada ya kuoshwa utumbo mpana nje na ndani, kupinduliwa na kuoshwa tena kwa maji ya vuguvugu na chumvi, hujazwa bila kushindiliwa mno, kisha hufungwa ncha zote mbili na kutiwa ndani ya sufuria. Hapa mwinuko wa nchi unaingia jikoni. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Ukipanda hadi Molo, mita 2,500 hivi, yanachemka kwenye 92. Joto hilo latosha kuivisha damu na nyama, lakini kila kitu chahitaji muda zaidi. Mpishi aliyezoea pwani akihamia Molo na saa yake ileile atatoa mutura mbichi katikati.

Na moto uwe mdogo. Ngozi ya utumbo ni kolajeni, ambayo hujikunja ikifikia nyuzijoto 60 na kidogo. Kilichomo ndani wakati huohuo kinapanuka, na maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,000. Ukichochea, yapasuka na kumwaga yote supuni. Ndiyo sababu huchomwa matundu machache kwa kijiti chembamba. Kolajeni ikikaa majini kwa utulivu huanza kulainika, nayo meno hupita bila kuvuta.

Makaa huja mwisho, na kazi yake ni ladha. Ngozi ikishakauka, joto la juu yake hupita 140, na protini na sukari huanza kuungana na kutoa rangi ya kahawia na harufu ile inayomsimamisha mpita njia. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza muungano huo mwaka 1912. Usiiache igeuke mkaa, kwani mafuta yanayodondokea motoni hutoa moshi wenye kemikali zinazohusishwa na saratani.

Kuna hatari moja ambayo sufuria haiwezi kuiondoa, nami nasisitiza: nunua utumbo na damu ya mnyama aliyekaguliwa tu, mwenye mhuri. Kimeta, kwa mfano, huacha spora zinazostahimili kuchemshwa. Mwaka 2015 ugonjwa huo uliua nyati wengi katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, kando tu ya mji. Mnyama aliyekufa ghafla haliwi, hata apikwe vipi.

Hatari ya pili ni kuiweka. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens naye ana spora zinazopona kwenye maji ya moto, na nyama ikikaa vuguvugu huongezeka maradufu kila dakika 10 hivi. Mutura iliyobaki ipoe haraka, iingie friji usiku huohuo, na kesho ipashwe hadi itoe mvuke katikati. Chouriço ina chumvi nyingi na ukavu wa kuilinda, mutura haina.

Faida ya mutura pia ni kubwa. Chuma cha damu hufyonzwa mwilini vizuri kuliko kile cha mboga, jambo la maana kwa wenye upungufu wa damu. Kachumbari kando yake si pambo: vitamini C ya nyanya na ndimu husaidia chuma cha mboga pia kufyonzwa. Pilipili ndani yake ni jamii moja na ile inayoipa chouriço wekundu. Asili yake ni Amerika, na meli za Wareno zilichangia sana kuileta pwani zetu.

Ukitaka kuyakutanisha majiko haya mawili, jaribu caldo verde, supu maarufu ya kaskazini mwa Ureno. Viazi vya Molo vichemshwe na kitunguu na kitunguu saumu, vipondwe humohumo majini mpaka supu iwe nzito. Mboga ya Wareno, couve galega, ni ndugu wa karibu wa sukuma wiki, kwa hiyo mwombe mama wa soko akukatie sukuma nyembamba kabisa. Itumbukize dakika chache tu isipoteze rangi. Kaanga vipande vya mutura vilivyokwisha kuiva katika mafuta yenye unga wa pilipili hoho, uvipange juu ya bakuli pamoja na mafuta yake mekundu, na uile ingali moto.